Dhahabu Inayozima Pikipiki

Kwa miezi minne niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba dhahabu iliyo chini ya Nyamongo hunyonya umeme wa pikipiki za Kiitaliano. Za Kichina na za Kihindi haizigusi; hizo zinapita juu ya dhahabu mchana kutwa zikiwa na abiria watatu na mbuzi, na hazikohoi. Za Kiitaliano tu. Aliyenieleza ni mchimbaji mdogo wa Nyangoto, mtu wa umri wa baba yangu mdogo, aliyepita kijiweni kwangu mjini Tarime kuziba pancha. Alisema Waitaliano, kwa kupenda makuu, husuka koili zao za umeme kwa uzi wa dhahabu. Dhahabu ya ardhini ikihisi ndugu yake anapita juu, inamwita. Umeme unashuka chini, pikipiki inazimika. Alisema hayo akitafuna muwa, bila kucheka, nami nikayaandika kwenye daftari.

Msinicheke mapema. Nina cheti cha kidato cha nne nilichokitafuta kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu, na mtu aliyesoma fizikia akiwa na oili kwenye kucha haamini jambo bila ushahidi. Ushahidi nilikuwa nao. Ulikuwa pikipiki ya mwalimu wangu.

Mwalimu huyo ni mtu wa Songea. Serikali ilimleta Tarime akiwa kijana, akatuzoea. Mchana alifundisha watoto, jioni akatufundisha sisi wenye ndevu historia na Kiswahili. Akaanza hata kufuga kama wenyeji, akafikisha ng'ombe wanne. Kisha mzungu mmoja mpima miamba akamaliza mkataba wake, akatangaza kuuza pikipiki yake ya Kiitaliano kabla ya kurudi kwao, na mwalimu akauza ng'ombe wote wanne akainunua.

Kwetu Wakurya huo ulikuwa msiba. Jirani yake, mzee mmoja mwenye zizi la kutisha, alikwenda kumpa pole kabisa, na fimbo mkononi. Akamwambia, "Mwalimu, umetoa vinne vinavyozaa, umechukua kimoja kisichozaa. Na hiki kikifa hata nyama yake huli."

Mwalimu akamjibu, "Shikamoo mzee. Hakitakufa."

Mimi nilipoiona nilisahau jina langu kwa nusu saa. Ilikuwa pikipiki ya mtu anayetaka kwenda mbali na kufika mapema: uso mwekundu uliochongoka, usukani mfupi ulioinama, masanduku mawili nyuma ya kuwekea nguo za safari. Vichwa viwili vya injini vilitokeza kushoto na kulia mbele ya magoti ya dereva kama pembe za fahali. Cheni haina, nguvu zinakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti, kama lori. Na ukiipiga gesi ikiwa imesimama, inaegemea kulia yenyewe, kama mtu anayetaka kukunong'oneza jambo. Siku ya kwanza iliponiegemea hivyo niliruka nyuma mpaka nikaangukia beseni la mama muuza maandazi wa jirani. Maandazi yale nilikula wiki nzima.

Niliitunza kuliko nilivyowahi kutunza kitu. Nilirekebisha vali kwa fila geji, kile kibati chembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Nikabadilisha oili ya injini, ya gia na ya shafti, kila moja na aina yake, kama tajiri anayechagua mboga. Kabureta zake mbili nilizisafisha, kisha nikazisawazisha kwa kuweka mpira mwembamba sikioni na kusikiliza moja baada ya nyingine mpaka zikapumua sawasawa. Waliokuwa wakipita walidhani nimeajiriwa hospitali.

Lakini nililojivunia zaidi lilikuwa kofia. Vumbi la barabara ya Nyamongo, kabla ya lami kufika pale ilipofika, lilikuwa linaweza kujaza kikombe kabla hujamaliza kutamka neno vumbi. Mfuniko wa tangi la Mwitaliano ulikuwa na mianya, nikaona vumbi litaingia na kuziba jeti, vile vitundu vyembamba vya kabureta. Huku kwetu tyubu kuukuu ya baiskeli ndiyo dawa ya kila kitu: inafunga mzigo, inashika kiti kilichopasuka, inabana taa. Basi nikakata tyubu, nikaipasha moto, nikaivalisha mfuniko mzima na kuibana kwa waya hata sisimizi asingepita. Bodaboda watano waliomba niwatengenezee kama hiyo. Nikawakatalia. Nikasema kofia ile ni ya Mwitaliano peke yake.

Jumamosi ya kwanza mwalimu alijaza tangi Tarime mpaka juu, nikapanda nyuma, tukaelekea Nyamongo kuipasha miguu. Ilikimbia vizuri hata nikaanza kutunga hadithi za kuwasimulia watu. Tulipokaribia Kerende ikakohoa mara mbili, ikapunguza nguvu, ikazima. Ilituacha mbele ya zahanati, karibu na kijiwe cha bodaboda.

Nilifungua tangi: limejaa. Nikachomoa plagi: zinatoa cheche. Nikagusa waya zote, betri, koili. Hakuna tatizo. Nikabonyeza swichi, ikawaka kama haikuwahi kuzima. Tukageuza, tukarudi Tarime bila kukohoa hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo. Mbele ya zahanati ile ile. Na ya tatu. Jambo lililonikosesha raha ni hilo la kurudi: ikielekea dhahabu inakufa, ikiipa dhahabu mgongo inafika nyumbani ikiimba. Mtu ataacha vipi kuamini? Nilibeba redio ndogo ya betri nione kama sauti itabadilika tukifika Kerende. Kweli ilibadilika, ila nadhani ilishika stesheni ya Kenya. Mara ya nne nilitandika raba ya tairi la gari chini ya injini nzima ili kuzuia mvuto. Ilizima hatua kama ishirini mbele zaidi, nikaandika kwenye daftari kwamba raba inasaidia kidogo. Pia niliandika kwamba kila nilipofungua tangi lilitoa sauti, fyuuu, kama mtu aliyefukuzwa akapata pa kukaa. Mbele ya maneno hayo niliandika: roho inarudi.

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Mwalimu alitakiwa kuripoti shule moja ya Mugumu, wilaya ya Serengeti, na njia ya kwenda Mugumu inapita Kerende. Habari zikafika kwa mtu mmoja wa Sirari anayenunua pikipiki mbovu. Huyo hakutaka kuiendesha. Alitaka kuikata, injini aifunge kwenye mashine ya kusaga mahindi.

Mwalimu akaniita, akaniambia kwa upole kama anavyosahihisha insha, "Nitakwenda kuripoti nikiwa juu yake, na wewe nyuma. Ikinifikisha, nakaa nayo mpaka nistaafu, niende nayo Songea. Ikizima Kerende, yule mtu anaichukua. Siwezi kuhamia Mugumu na kitu cha kusukuma."

Sikumwambia kwamba usiku huo sikulala. Pembe zile mbili zikisaga unga, ningepita wapi nisisikie? Na yule mzee wa zizi angetembea Tarime nzima kueleza jinsi alivyosema.

Tuliondoka asubuhi, tangi limejaa, kofia imebanwa, raba chini ya injini mara mbili. Nilikuwa nimevaa buti za mpira kwa tahadhari. Tulipokiona kijiwe cha bodaboda nilifumba macho. Ikakohoa mara mbili.

"Mura, leo mmechelewa," bodaboda mmoja akanikaribisha, akiniita kijana kwa Kikurya. "Tumewawekea kivuli tangu saa mbili."

Mwenzake akasema, "Mwambie mwalimu ailambishe chumvi. Labda imekumbuka wale ng'ombe."

 Mwalimu alishuka, akavua kofia ngumu, akatoa simu. "Nampigia yule mtu wa Sirari. Aje na gari aichukulie hapa hapa."

"Mwalimu, nipe dakika kumi."

"Nimekupa miezi minne."

Hapo nesi wa zahanati akatoka na kikombe cha chai. Ni mama wa Tabora, mwenye sauti ya taratibu, na wakati wote tulipokwama pale alikuwa akituchungulia dirishani.

"Habari za kazi, sista," mwalimu akamwamkia.

"Nzuri, mwalimu. Hii ni mara ya tano. Mara ya kwanza nilidhani mmeniletea mgonjwa." Akanigeukia. "Fundi, inaumwa nini?"

Nikamweleza yote: koili, uzi wa dhahabu, mvuto, raba, redio. Alinisikiliza kama manesi wanavyomsikiliza mtu anayesema tumbo lake limerogwa, bila kubisha na bila kukubali. Bodaboda wakasogea.

"Ikizima, cha kwanza unafanya nini?"

"Nafungua tangi, naangalia mafuta."

"Halafu?"

"Plagi, waya, betri, koili."

"Halafu inawaka."

"Inawaka."

"Umewahi kuanza na hizo plagi, tangi ukaliacha?"

Nikafikiri. Sikuwahi, hata mara moja.

"Leo umeshalifungua?"

"Bado."

"Basi usilifungue. Fanya hayo mengine yote."

Nilibadilisha plagi mbili nikaweka mpya. Nikagusa kila waya, nikaipigapiga koili kama mgongo wa mtoto. Nikabonyeza swichi. Ikazunguka bila kuwaka. Nikabonyeza tena, na tena, mpaka betri ikaanza kuongea kwa uchovu. Mwalimu alikuwa bado ameshika simu, kidole juu ya namba.

"Sasa fungua tangi," nesi akasema. "Usiguse kitu kingine."

Nikalegeza waya, nikavuta kofia, nikazungusha ufunguo. Fyuuu.

"Subiri kidogo ndiyo uwashe."

Nikasubiri, nikabonyeza. Ikawaka, ikaniegemea kulia, na safari hiyo sikuruka. Bodaboda waliokuwa wakicheka wakanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea Kerende tangu kijiji kiumbwe. Mwalimu akarudisha simu mfukoni.

"Rudishia mfuniko wake," nesi akasema, "ila hicho kipira kishike mkononi. Muende bila hicho." Ndani mtu akamwita, mtoto wa mtu alikuwa na homa. Akamwaga chai iliyobaki, akaingia, nami nikabaki na maswali mia tatu.

Tulipita Nyangoto. Nilikaa nyuma nimeshika kofia kama mtu aliyebeba kifaranga, nikisubiri kikohozi. Tulikuwa juu ya dhahabu yenyewe sasa, nami nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumpoza mwalimu. Pikipiki haikukohoa. Tukateremka mpaka daraja la Mto Mara, tukalipita, tukaingia Serengeti. Mwalimu alianza kuimba, kwa Kingoni, sikuelewa neno hata moja lakini niliitikia. Vumbi lilitupiga vizuri sana. Mugumu tulifika tuna rangi moja, mimi, yeye na Mwitaliano, na wanafunzi wa shule ile mpya wakajaa uwanjani kabla hatujashuka. Mwalimu alimpigia yule mtu wa Sirari palepale, akamwambia atafute injini nyingine ya kusagia.

Nilirudi kesho yake kwa gari la abiria, nikashuka Kerende na kilo mbili za sukari. Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, hana mgonjwa. Njia nzima nilikuwa nimefikiri, na daftari lilikuwa limejaa.

"Sista, nimegundua," nikamwambia. "Mpira wa tyubu ndio uliokuwa unavuta dhahabu. Ndiyo maana tulipouondoa, dhahabu haikutuona."

Nesi aliinuka. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya plastiki ya dripu iliyokwisha kutumika. Juu yake ilikuwa na sindano iliyochomekwa.

"Hii sindano ya juu haipitishi dawa," akasema. "Inapitisha hewa. Chupa hii ni ngumu, haijikunji. Nisipoitoboa, dawa inateremka kidogo, halafu inasimama hata kama chupa imejaa. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na dhahabu?"

"Fundi, dhahabu haivuti kitu. Za bodaboda zinapita hapa kila siku kwa sababu hukuzishonea kofia. Mkirudi Tarime haizimi kwa sababu umeshafungua tangi hapa, na mafuta yamepungua, hewa imepata nafasi. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie. Mfuniko una tundu la kuingizia hiyo hewa, na wewe ndiye uliyeliziba."