Santuri Iliyopigwa Pasi

Mjomba wangu, kaka ya mama, ni fundi wa nguo hapa Ruiru, na imani yake ya kwanza, hata kabla ya ile ya kanisani, ni kwamba hakuna kitu kilichopinda ambacho pasi haiwezi kukinyoosha. Cherehani yake iko kwenye baraza karibu na stesheni. Jumamosi mchana huifunika kwa shuka, akavaa tai, akageuka kuwa kiongozi wa bendi.

Bendi yenyewe ni watu watatu. Mjomba anapiga gita. Mchinjaji wa buchari ya jirani anapiga ngoma, na huipiga kama anayevunja mbavu za ng'ombe. Wa tatu ni mwimbaji, karani wa kiwanda cha kahawa, mtu mwenye mafuta ya nywele mengi kuliko sauti. Muziki wao wanauita swing, dansi ya Kimarekani. Neno hilo walilisikia kwa askari waliorudi kutoka vita vya Burma, na nadhani ni neno tu lililofika. Muziki wenyewe ulibaki njiani.

Mimi niko Form Two, shule ya bweni. Likizo ya Aprili nilikuwa nakwenda kwa mjomba karibu kila siku, na sitadanganya hapa kwamba nilikuwa namtembelea yeye. Nilikuwa naitembelea gramafoni yake. Kwetu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, hakuna hata redio. Basi nilikuwa naketi juu ya gunia la vitambaa, daftari langu magotini, na baada ya muda watu walikuwa wanasahau kwamba nipo. Kusahaulika ndicho kipaji changu. Mwalimu wetu wa hesabu alinifundisha mihula miwili akidhani nimehamia shule nyingine.

Jumamosi moja mjomba alirudi kutoka Thika na santuri mbili, amezikumbatia kifuani kama mayai.

"Hizi sasa ni swing yenyewe," aliwaambia wenzake wawili. "Si zile kelele mnazozijua."

Kelele walizozijua ni zao wenyewe, lakini hakuna aliyecheka. Alizungusha mkono wa gramafoni, akaweka sindano.

Ilianza kwa fidla mbili na ngoma ya kutembea, nzuri tu. Halafu kitu kingine kikaingia. Sijui niandike vipi. Muziki wote niliowahi kusikia hupanda kwa ngazi, noti baada ya noti, kama tunavyoimba do re mi kanisani. Hiki hakikukanyaga ngazi. Kiliteleza kutoka chini hadi juu kama mtu kwenye tope jekundu la masika, na kila ukidhani sasa ataanguka, anasimama wima mahali hasa alipotaka. Ngozi ya mikono ilinisisimka. Nilijifunika kwa kipande cha kitambaa wasione.

"Simamisha!" mjomba alipaza sauti, ingawa mwenye kusimamisha alikuwa yeye. "Imepinda."

"Haijapinda, huyo ni mwanamke," alisema mchinjaji. "Analia. Ameachwa huyo."

"Mwanamke gani analia bila maneno?" karani akauliza. "Wa kwangu akilia, mpaka watu wa Thika wanajua kosa langu."

"Ni jua!" mjomba akasema. "Yule Mhindi mwenye duka anazianika dirishani. Santuri ikipigwa na jua inapinda, na ikipinda sauti inayumba. Mimi nimeshatibu moja, au mmesahau?"

Hawakuwa wamesahau, kwa sababu hakuwaacha wasahau. Mwaka jana alikuwa na santuri iliyopinda kweli, akailaza kati ya mbao mbili chini ya marobota ya kitambaa, ikanyooka. Tangu siku hiyo amekuwa daktari.

Lakini mimi nilikuwa nimesikiliza, jambo ambalo hakuna mwanabendi aliyelifanya. Ngoma haikuyumba. Fidla hazikuyumba. Santuri ikipinda, wote waliomo wanapinda pamoja. Haiwezekani ikapinda kwa mtu mmoja tu. Tena nilikuwa nimemwona mtu huyo. Kwenye ukuta wa duka lile la Thika, siku mama aliponipeleka kununua viatu vya shule, kulikuwa na picha ya mzungu mwenye kofia pana, ameketi, gita limelala chali mapajani mwake, na mkono wa kushoto ameshika kipande cha chuma kinachong'aa juu ya nyuzi. Wakati ule nilidhani ni fundi, analitengeneza. Sasa nilijua alikuwa analipiga.

Nilijua kila kitu, na nilifanya nini? Niliandika. Daftari linasema hivi, kwa herufi nzuri: "Haijapinda. Ni gita na chuma." Nikaweka nukta. Wakati mimi naweka nukta, mjomba alikuwa anatia makaa kwenye pasi.

Alitandaza blanketi la kupigia pasi, akalaza santuri, akaifunika kwa kitambaa kibichi kama anavyofunika suruali ya sufu. Akapuliza majivu. Akalamba kidole, akagusa chuma, kikasema *chwii*. Wenzake wakasogea karibu, nyuso zao nzito kama za watu walioalikwa kwenye upasuaji. Akakandamiza.

Harufu ilikuja kabla ya moshi, harufu ya kwato zinazochomwa. Alipoinua kitambaa, karatasi ya katikati ilitoka nacho, na santuri ilikuwa imenyooka kabisa. Imenyooka na mistari yake yote imelala, laini kama chapati.

"Unaona?" alisema karani, ambaye hajawahi kuona kitu maishani mwake. "Imenyooka."

Waliiweka kwenye gramafoni. Sindano iliteleza juu yake mpaka ukingoni, ikaanguka. Hakukuwa na ngoma tena, wala fidla, wala yule mtu.

"Ilikuwa imeoza tangu dukani," mjomba alisema, akaweka ya pili.

Na ya pili nayo, baada ya fidla, yule mtu akaingia, akateleza. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja.

"Hata hii!" Mjomba akaitoa. "Shida ilikuwa joto. Ile tuliipiga kama kaki. Hii tutaipiga kama hariri, polepole. Leteni kitambaa kikavu."

Thika nzima hakukuwa na nyingine. Mwenye duka mwenyewe alimwambia mjomba hivyo. Mimi ningerudi shuleni, na maisha yangu yote ningekuwa mtu aliyewahi kusikia kitu dakika mbili.

"Haijapinda," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Nilisema kwa ile sauti ninayojibia nikiitwa darasani, ndiyo maana huandikwa sipo.

Basi nikasimama. Nikachukua gita la mjomba ukutani, nikaketi, nikalilaza mapajani. Nyuzi zilikuwa chini mno, chuma kingegonga mbao, kwa hiyo nikapitisha penseli yangu chini ya nyuzi, juu shingoni mwa gita, zikainuka. Kilichobaki ni chuma. Mezani, karibu na mkono wangu, palikuwa na mkasi.

Yeyote aliyekaa na fundi wa nguo anajua mkasi wake hauguswi. Ni wa kitambaa tu. Mke wa mjomba aliwahi kuukatia karatasi, siku mbili mjomba hakula chakula cha nyumba ile. Nikauchukua. Nikaufunga, nikaweka mgongo wake juu ya nyuzi.

"Wee! Mkasi wangu!"

Nikapiga uzi mmoja, nikavuta.

Sitajisifu. Ilikuwa sauti ya paka aliyebanwa mlangoni. Lakini iliteleza. Ilitoka chini ikapanda bila ngazi, na nilipotikisa mkono kidogo, mwishoni ikatetemeka.

Mchinjaji alipiga kofi pajani. "Haiya! Ndiye yule mwanamke!"

"Sikiliza ngoma, mjomba," nilisema, na safari hii nilijisikia mwenyewe. "Kama santuri imepinda, mbona ngoma haijapinda?"

Mjomba alisimama na pasi mkono mmoja na santuri mkono mwingine. Alinitazama kama aliyeona gunia la vitambaa linazungumza.

"Hebu iweke," mchinjaji akamwambia. "Niisikie hiyo ngoma."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu huyu kusikiliza ngoma ya aina yoyote. Aliinamisha kichwa, akahesabu kwa kidole, na yule mtu alipoingia na kuteleza, kidole hakikupotea.

"Ngoma iko sawa," alisema. "Kijana anasema kweli."

Mjomba akarudisha pasi juu ya kiti chake cha chuma. Akarekebisha tai.

"Mimi nilijua ni gita," alisema. "Nilikuwa nataka kuona kama nyinyi mna masikio."

"Tulikuwa tunashangaa," alisema karani, "mtu mwenye ujuzi kama wako."

Hivyo ndivyo swing ya Ruiru inavyoendeshwa. Moja wameichoma, ya pili imeponea chupuchupu, na mwaka ujao mtasikia mjomba ndiye aliyeuleta mtindo huu kutoka Thika. Na auchukue. Mimi nilikuwa nasikiliza. Yule mtu alikuwa ameanza kushuka, polepole, ameiacha ngoma itangulie mbele yake, halafu wimbo ukaisha na sindano ikabaki inakwaruza. Mjomba akanyoosha mkono kuitoa, aweke zile zake za zamani.

"Rudia," nilisema.

"Unasema?"

"Rudia, mjomba. Kutoka mwanzo."

Wote watatu walinigeukia. Masikio yalikuwa yananiwaka, lakini sikutazama chini. Mjomba alikunja uso, akavuta pumzi, akashika mkono wa gramafoni, akaanza kuuzungusha.