Fundi Shoto na Dhamana ya Mkewe

Mtaani walimwita Shoto, kwa kuwa alishona kwa mkono wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kuvisha sofa upya. Unampelekea kiti kilichochanika, sponji imetoka nje kama ulimi wa mbwa aliyechoka, naye anakurudishia kiti cha kumkalisha mkwe.

Siku moja mtu alimletea sofa tatu, akataka kitambaa kibadilishwe upesi. Shoto hakuuliza kitu. Fundi hamuulizi mteja kiti kakitoa wapi, kama kinyozi asivyouliza kichwa kimetoka wapi. Baada ya siku mbili polisi wakaja. Sofa zilikuwa za wizi, zimetolewa ofisini kwa watu. Wakabeba sofa, wakambeba na yeye.

Mkewe ndiye aliyemdhamini. Alikuwa mfagiaji wa shule, mwanamke wa maneno machache, lakini yakitoka yana pilipili. Aliweka mahakamani hati ya kiwanja chao, akatia sahihi. Hakimu akamsomea Shoto masharti: asitoke nje ya mji bila ruhusa, aripoti polisi kila Ijumaa, na siku ya kesi asikose.

"Umesikia?" mkewe alimwuliza walipokuwa wanashuka ngazi.

"Nimesikia."

"Hebu yarudie. Maana wewe ukisikia harufu ya kitambaa kipya, masikio yanafunga."

Wakacheka. Shoto alikuwa bado anaweza kucheka.

Ijumaa tatu aliripoti. Kabla ya ile ya nne, seremala wa kibanda cha jirani alimkuta anapiga misumari.

"Shoto, ndugu yangu, mali ya wizi hiyo. Miaka saba! Utatoka huko hata tundu la sindano hulioni."

"Mimi sikujua kama ni za wizi."

"Nani akuamini? Na sura yenyewe hiyo!"

Seremala alikuwa anatania. Ndivyo walivyozoeana. Lakini neno lile lilimwingia Shoto, likakaa. Kesho yake alimwambia mkewe anakwenda kununua sponji. Alichukua mkasi, nyundo na sindano zake zilizopinda, akapanda basi. Alishuka mji wa mbali, akapanga chumba nyuma ya karakana ya baiskeli, akajiita kwa jina la kaka yake marehemu.

Huku nyuma, siku ya kesi jina lake liliitwa mara tatu. Kimya. Hakimu akatoa hati ya kumkamata, kisha akamgeukia mke: wewe mdhamini, mlete mtu wako. Akapewa mwezi. Ukaisha. Akapewa mwingine, akaambiwa huo ni wa mwisho.

Jina mtu hubadili. Mkono haubadiliki. Mishono ya Shoto ililala kinyume na ya mafundi wengine, na fundo alilificha ndani ya pembe ya mto. Mkewe alikwenda kumjulia hali mdogo wake katika mji uleule alikojificha Shoto, akakalishwa kwenye kochi lililotoka kwa fundi juzi. Vidole vikapapasa pembe ya mto. Akaugeuza, akautazama sana.

"Huu kaushona nani?"

Siku hiyohiyo, Jumamosi, alisimama mlangoni kwa Shoto.

"Sponji umeipata?"

Nyundo ilimtoka mkononi. "Mama watoto…"

"Sikuja kugombana. Aliyekuletea zile sofa kakamatwa, kakiri. Kasema fundi hakujua kitu. Kesi yenyewe imekufa, baba. Iliyo hai ni hii ya kukimbia, na hii umeizaa mwenyewe."

"Nikirudi watanifunga."

"Ukienda kwa miguu yako utasikilizwa. Ukienda umekokotwa, nani akusikilize? Jumanne ndiyo mwisho. Usipokuja, ama kiwanja kiende, ama niende mimi. Na kiwanja ni cha watoto. Twende sasa hivi."

Shoto angesema twende, yangekwisha hapo. Yeye akatazama kiti kilichokuwa uchi mbele yake.

"Nimalize hiki cha watu. Jumanne asubuhi nitakuwa mahakamani."

"Kweli?"

"Kweli."

Mkewe alimtoa uzi uliomganda begani, akaenda zake.

Na Jumanne alikwenda stendi, tusimsingizie. Tiketi alikata. Karibu na basi walisimama polisi wawili wanatafuna karanga. Mmoja akamwangalia. Kumwangalia tu. Shoto aligeuka, akarudi chumbani, akajifunika shuka jua likiwaka.

Husemwa kwa mwoga huenda kicheko. Kwa huyu kilikwenda kilio.

Mkewe hakukubali kiwanja kiuzwe. Akafungwa miezi minne kwa kushindwa kulipa dhamana. Ulipofika mwezi wa tatu ndipo shemeji yake, yule mwenye kochi, alipomfuata Shoto. Hakuingia ndani.

"Shemeji, dada yangu anafagia gereza."

Siku ileile Shoto alijipeleka polisi. Kesi ya sofa ilifutwa kwa dakika chache. Ya kuruka dhamana ikasimama. Aliomba asubiri hukumu akiwa nyumbani.

"Ulipewa dhamana ukamwachia mwanamke aibebe," hakimu alisema. "Ya pili nikupe ya nini?"

Akapata mwaka mmoja na nusu. Mkewe alitolewa wiki hiyo, kwa kuwa mtu wake amepatikana. Alikuja kumwona Jumapili tatu, na sabuni, na kikohozi. Jumapili ya nne alikuja shemeji peke yake. Walikuwa wamemzika jana yake.

Alipomaliza kifungo, Shoto alikwenda mahakamani kuchukua hati ya kiwanja. Karani alifungua jalada. Shoto hakujua kusoma.

"Mwanangu, nisomee ile Jumanne. Mdhamini alisema nini?"

Karani akatafuta kwa kidole. "Mdhamini anasema mshtakiwa yuko njiani, anaomba asubiriwe. Mahakama inasubiri hadi saa sita." Akageuza ukurasa. "Saa sita mdhamini anaomba nusu saa tena. Amepewa."

"Halafu?"

"Saa sita na nusu mshtakiwa hakuja."

"Ndiyo," alisema Shoto. "Sikuja."

Akaomba asomewe tena.