Taa za Safari ya Kasaji

Siku hizi kazi inayoniletea wateja wengi ni ya kufunga taa za xenon. Vijana wanaonunua na kuuza madini wanakuja karakanani kwangu na boksi dogo lililotoka Dubai kupitia Lubumbashi. Ndani mna balbu mbili, visanduku viwili vya kukuza umeme na nyaya zilizokunjwa vizuri. Wanataka mwanga mweupe unaokaribia bluu, ule unaomfanya dereva wa lori afumbe macho. Natoboa kifuniko cha nyuma cha taa, napitisha nyaya, natafuta mahali pakavu pa kuweka kisanduku, kisha nazielekeza taa chini kidogo kuliko wanavyopenda. "Tata, inua, nataka ione mbali," wananiambia, maana kwetu tata ni baba. Nawajibu kwamba siinui. Wanadhani ni ukaidi wa uzee.

Taa kali za kwanza nilizofunga kwenye gari dogo zilikuwa za lori la mgodini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mji wetu wa migodi wa Kolwezi, Katanga, ulipokuwa unakufa. Pampu zilikuwa zimesimama na maji yakapanda taratibu kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba. Mishahara ilikatika. Mwishowe msimamizi wetu alitugawia vipuri vya malori yaliyokufa, kila mtu achukue anachoweza kubeba. Mimi nilikuwa fundi umeme, nikachukua taa mbili na nyaya nene. Watu walitafuta wa kumlaumu, na kwenye mikutano wanasiasa wakawaonyesha: wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai warudi kwao.

Yaya alikuwa mmoja wao. Hatukuzaliwa tumbo moja. Wazazi wangu walitoka kaskazini mwa Katanga na wake walitoka Kasai, lakini tulikulia nyumba mbili zilizopakana katika kambi ya wafanyakazi. Alinizidi miaka michache, ndiyo maana nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, naye akaniita mudogo. Yeye alikuwa mchomeleaji vyuma, na tulifanya kazi pamoja katika karakana ya malori ya mgodi. Huko Kasai alikotakiwa arudi hakuwahi kukanyaga. Baba yake aliletwa kuchimba shaba akiwa kijana, na mtoto akazaliwa hapa hapa.

Vijana walianza kwa kumtupia mawe. Kisha wakapanda juu ya nyumba na kung'oa mabati, yeye na familia yake wakiwa ndani. Akawapeleka wote stesheni. Wale waliokuwa huko watakumbuka: maelfu ya watu chini ya maturubai na vitenge, mvua inanyesha, treni haijulikani itakuja lini, na nyuma ya stesheni makaburi madogo madogo ya watoto waliouawa na surua. Treni ilipofika, alifaulu kumsukuma mke wake na watoto wao watatu ndani ya behewa la mizigo. Mama yake, aliyekuwa na miguu iliyovimba, hakuweza kuinuliwa. Mlango ulifungwa, treni ikaondoka.

Alimleta mama yake kwangu akiwa amemkalisha nyuma ya baiskeli, kupitia vichochoro, amemfunika shuka kama mgonjwa anayepelekwa dispensari.

"Mudogo," aliniambia, "Mama hapana kupanda ile treni. Nimeona vile banapandisha bazee. Banabarusha sawa mifuko."

"Sasa utafanya nini?"

"Motokari yangu iko kwako."

Ilikuwa kwangu kweli: gari la Kifaransa la familia, la zamani, alilolinunua kwa mwalimu mmoja wa misheni aliyerudi Ulaya. Nilikuwa nimelitoa magurudumu na kulifunika ili lionekane bovu. Injini ilikuwa nzima. Taa ndizo zilikuwa tatizo. Zilitoa mwanga wa manjano kama wa kibatari, na barabara ya Kasaji, baada ya mvua zile, ilikuwa na makorongo ya kumeza gari zima. Mchana haikuwezekana kupita, maana kila njia ya kutoka mjini ilikuwa na kizuizi cha vijana. Ila jioni wengi wao walikwenda kunywa. Tukakubaliana: tuondoke machweo kuelekea magharibi hadi Kasaji, halafu Sandoa, halafu Kasai. Mimi niendeshe hadi Kasaji, kwa sababu jina langu na namna yangu ya kusema havikuwa na hatari.

Tulirudisha magurudumu, tukafanya kazi mlango ukiwa umefungwa. Balbu za lori lile hazikufaa. Lori linatumia umeme wa betri mbili, gari dogo wa betri moja, na ukiziwasha zinakuwa nyekundu kama makaa. Nikatia balbu nyingine, kali kuliko zote nilizokuwa nazo. Nyaya za gari lenyewe zingeyeyuka, kwa hiyo nikavuta nyaya nene moja kwa moja kutoka betri, na katikati nikaweka rele, swichi inayovutwa na umeme, ili swichi ya dereva ibebe umeme kidogo tu. Yaya alichomelea vishikio kwenye bampa. Tulitundika blanketi dirishani ili cheche zisionekane nje.

Tulikuwa tunakaza boliti za mwisho walipogonga. Yaya akalala chini ya gari. Nikafungua nusu. Walikuwa vijana wanne, mmoja wao nilimjua tangu akiwa anabebwa mgongoni.

"Tata, ule motokari ni ya nani?"

"Ya shefu moja wa kampuni."

"Shefu gani?"

"Yee anakuya kuitafuta leo. Mungojee, mumuulize yee mwenyewe."

Wakatazamana. Bado waliwaogopa wakubwa wa kampuni, hata kampuni ikiwa imekwisha. Wakaenda zao. Yaya alipotoka chini ya gari, jasho lilikuwa limelowesha shati lake lote. Niliwasha taa kujaribu. Ukuta ukawa mweupe, ungeweza kuhesabu matofali. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeona kazi nzuri, na kwa muda mfupi tulikuwa mafundi wawili tu.

Tuliondoka jua likizama. Mama alilala kiti cha nyuma kati ya mabunda. Nyuma yake kulikuwa na mashine ya Yaya ya kuchomelea, kitu pekee cha thamani alichobakiwa nacho. Kwenye kizuizi cha kwanza palikuwa na gogo na moto. Giza lilikuwa limeingia. Niliwasha taa zote, nikajiandaa kusimama na kusema niliyoyapanga. Lakini wale vijana walipoona mwanga ule walikimbia. Waliruka mtaro wakapotea. Nikabaki na moto wao na gogo lao.

Yaya alishuka akaliondoa. Aliporudi alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika. "Banawaza siye ni basoda," alisema. Ilikuwa kweli. Wakati ule, barabarani usiku, taa nyeupe za namna hiyo zilikuwa za malori ya jeshi peke yake. Kizuizi cha pili kilikuwa vivyo hivyo. Nakumbuka tulifurahi.

Mbele zaidi, tulipokwisha vuka mto na kuanza kupanda, taa ziliangukia vitu katikati ya barabara. Beseni. Kandambili moja. Kuku aliyefungwa miguu. Pembeni, sufuria ikichemka juu ya mafiga matatu. Nilifunga breki. Hapakuwa na mtu isipokuwa mzee mmoja aliyeketi juu ya mkeka, mikono yote miwili juu.

Walikuwa watu wa Kasai wa vituo vidogo vya reli, waliofukuzwa kama Yaya na kuamua kutembea kwa miguu. Walipoona taa zetu walikimbilia porini. Mzee alishindwa kukimbia.

Yaya alishuka akamsalimu kwa Kiluba cha Kasai, ambacho mimi sikukijua. Mzee hakushusha mikono. Alisema neno moja mara kadhaa, nami nikamuuliza Yaya ni neno gani.

"Anasema tumuue yee, batoto tubaache."

Yaya akasimama mbele ya gari, ndani ya mwanga, akaita kuelekea porini. Alitaja jina la baba yake, kijiji cha babu yake, ukoo wake. Hakuna aliyejibu. Kutoka gizani, yeye alikuwa kivuli cheusi mbele ya taa za jeshi, na askari pia wanajua Kiluba.

Ndipo Mama akasema kutoka nyuma, "Zimeni ile taa."

Nikazima. Tukambeba, Yaya kwapa na mimi miguu, tukamkalisha kwenye mkeka kando ya yule mzee, penye mwanga wa moto wa sufuria. Alimshika mzee mkono akaushusha mwenyewe. Kisha akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida ya mwanamke anayeongea jikoni. Sikujua anasema nini. Baadaye Yaya aliniambia alikuwa anauliza wanapika nini, na kama kuna chumvi.

Walitoka mmoja mmoja. Mwanamume wa kwanza alishika panga, akaliteremsha alipomwona Mama kwenye mkeka. Walipojihesabu wenyewe, alikosekana binti mmoja aliyekuwa amemaliza shule ya msingi mwaka ule. Tulimkuta ndani ya korongo kando ya barabara. Alikuwa ameruka gizani bila kujua kuna shimo, na mfupa wa mguu ulikuwa umetoka nje ya ngozi. Hakulia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge ili tusimsikie.

Yaya alishusha mashine yake ya kuchomelea akaiacha pale njiani, pamoja na mabunda yote. Tulimlaza binti kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Mama. Babu yake, yule mzee wa mkeka, akabanana na Yaya kiti cha mbele. Niliendesha kwa zile taa za zamani za manjano, taratibu sana, na kila gari lilipotumbukia shimoni nilisikia pumzi ya yule mtoto nyuma yangu.

Tulifika misheni ya Kasaji alfajiri. Masista walifanya walichoweza, lakini dawa za kutosha hazikuwepo. Mguu ulibadilika rangi, homa ikapanda, na siku chache baadaye akafariki. Mama alimuosha pamoja na masista, akasema aoshwe kama mjukuu wake.

Baada ya maziko nilimkuta Yaya amepiga magoti mbele ya gari na spana. Alifungua boliti alizozikaza mwenyewe. Alizitoa taa zote mbili, akakata nyaya, akaviweka vyote miguuni pangu.

"Rudi nabyo," alisema. "Mi nitatembea muchana. Kama banataka kunikamata, banikamate benye kuniona."

Waliondoka kwa gari lile yeye, Mama na yule mzee, padri mmoja mweusi akiwasindikiza hadi Sandoa. Nilirudi Kolwezi kwa treni ya mizigo. Taa niliziacha Kasaji, kwenye stoo ya misheni.

Kwa miaka mingi sikujua kama alifika. Kisha asubuhi moja mwanamume mwenye mvi alisimama mlangoni mwa karakana: alikuwa yeye. Walikuwa wamefika. Mke wake alimkuta kwenye kambi ya waliofukuzwa, na kati ya watoto watatu alimkuta na mmoja. Huko Kasai wenyeji waliwaita Wakatanga, wakawacheka Kiluba chao, wakawanyima mashamba. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na amani, alisema, kwa sababu alizaliwa huko na alizikwa huko.

Niliuliza kama anataka kupita kwenye nyumba yake ya zamani. Ilikuwa na bati jipya na watu wengine.

"Hapana," alisema. "Balioko mule banazaa mule. Batoto babo banajua ile nyumba tu."

Alikaa kwangu hadi mvua zilipoanza, kisha akapata kazi ya kuchomelea huko Fungurume, kwa mkandarasi mmoja wa mgodi. Yuko huko hadi leo. Akija Kolwezi analala kwangu. Utotoni alikuwa akiingia nyumbani kwetu bila hodi na kufunua sufuria ya mama yangu kuona kuna nini. Sasa hata mlango ukiwa wazi anasimama nje na begi lake, anabisha, na hasogei hadi mtu wa nyumba amwambie karibu.