Nilizipishanisha Kadi, Method Akaomba Radhi

Nilikosea mimi. Si Method, si umeme, si wale wadudu. Mimi! Naanza na hilo ili mtu asihangaike kunitafutia kisingizio, na ili wale wa ofisini watakaosoma hapa wajue kwamba bado sijanyamaza.

Jina langu silitoi. Method nalo si jina lake. Ofisi iko hapa hapa Mwanza, na hilo linatosha.

Kazi yetu ilikuwa kutunza seva, zile kompyuta kubwa zinazohifadhi kazi za zahanati na maabara za kuzunguka ziwa. Zilikuwa tatu, na tulizipa majina ya visiwa: Ukara, Kome na Maisome. Ndani ya kila seva huwa kuna mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zisizo na mwili wao wenyewe, zimepanga tu chumba ndani ya mwili wa seva. Seva moja ikilala, wapangaji wake wanahamia kwenye nyingine na kazi inaendelea.

Sasa mpangaji mmoja, mashine ya majibu ya maabara, alikuwa na kazi nyingi kupita wenzake. Method akaamua kuipa mashine hiyo kadi ya mtandao ya peke yake, isipange foleni na wengine. Namna ya kuifanya ni hii: unaandika namba ya tundu ambamo kadi imechomekwa, na mashine ikiwaka inaichukua kadi iliyomo kwenye tundu hilo, inakuwa yake peke yake. Haiulizi ni kadi gani. Inachukua iliyopo. Shikeni hapo, maana ndipo nilipoangukia.

Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kitengo kile. Cheti ninacho kama wao, lakini kwa miaka yangu yote ya mwanzo meneja alinipa kazi za kubeba nyaya na kubandika lebo. Aliyenifundisha seva ni Method, mtu wa Bukoba, mpole, anayekueleza kitu kimoja mara tatu bila kukunja uso. Tulizoeana mpaka akawa baba wa ubatizo wa binti yangu. Mjue hilo pia, ili mjue nimemtenda nani.

Msimu ule wadudu wa ziwani walipanda kwa wingi, wale wanaotoka majini kama moshi mweusi na kuingia kila penye uwazi. Feni za Ukara zikaziba. Meneja akaniletea brashi.

"Dada, wewe una mkono mwepesi. Tusafishie hiyo."

Mkono mwepesi! Wanaume wamekaa kwenye viti wanapanga mitambo, mimi nafuta wadudu. Nikafuta kwa hasira. Nikachomoa kadi mbili zilizofanana kama mapacha, moja ya maabara, nyingine ile ambayo seva zinaitumia kuongea zenyewe kwa zenyewe. Nikazipuliza, nikazirudisha. Ya juu nikaiweka chini, ya chini nikaiweka juu. Nyaya nikazirudisha kila mmoja kwenye kadi yake, tena kwa umakini, mpaka nikajisifu moyoni. Jamani!

Tukawasha. Ukara ikaamka vizuri kabisa. Lakini mashine ya maabara ilipoanza tu, Ukara ikapotea. Kome na Maisome hazikuisikia, na sisi tulioshika kibodi hatukuifikia.

Tulihangaika! Tukabadilisha nyaya. Tukabadilisha swichi. Tukarudisha programu ya kadi kwenye toleo la zamani, tukaweka jipya, tukarudisha la zamani tena. Tukajaribu kuihamishia mashine ya maabara kwenda Kome, ikagoma, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye kadi iliyo ndani ya Ukara. Simu nazo haziishi kulia. Dada mmoja wa maabara Sengerema alinipigia mimi.

"Mtoto amelazwa hapa na homa, majibu yake yako kwenu huko. Nimwambie nini mama yake?"

Walirudia vipimo upya, mtoto akatibiwa kwa kuchelewa, na akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo, sijishukuru mimi.

Kila tulipoizuia mashine ya maabara isiwake, Ukara ilikuwa shwari. Tukiiwasha, inapotea. Kwa hiyo wote tukaamini kosa liko kwenye mstari ule wa namba ya tundu aliouandika Method, tena wiki hiyo hiyo alikuwa ameugusa. Method akausoma mpaka macho yakawa mekundu.

"Namba ni ile ile," aliniambia. "Sioni kosa, dada. Labda kichwa changu ndicho hakiko sawa."

Walipokwenda kula mchana, mimi nilibaki. Nikafungua mfuniko wa Ukara ili niangalie tu kama kuna mdudu nimemwacha. Kadi ya maabara ilikuwa na kipande cha utepe mwekundu, alikibandika Method zamani. Nikauona ule utepe uko chini. Na mstari wa Method unasema tundu la juu.

Mstari ulikuwa sahihi. Mashine ya maabara ilikuwa inalifuata lile tundu la juu kama ilivyoamriwa, na kule inaikuta kadi ambayo seva inaitumia kuongea na wenzake, inainyakua, na Ukara inabaki bubu. Mimi ndiye niliyeiweka pale, kwa mikono yangu yenye hasira.

Nikazima, nikazirudisha kadi mahali pake, nikawasha. Kila kitu kikakaa sawa. Meneja akaingia, mdomo bado una mafuta ya samaki, akaona taa zote za kijani.

"Imekubali! Umefanyaje?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno moja tu! Lakini nikawaza, mwanamke kapewa brashi, na hata brashi imemshinda. Nikaona jinsi watakavyocheka.

"Nimerekebisha mipangilio ya Method," nikasema.

Ofisini kwetu kuna utaratibu. Huduma ikikatika, mwenye kosa anasimama kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya wafanyakazi na wawakilishi wa zahanati, anaomba radhi. Method akasimama. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani.

"Naombeni radhi," akasema. "Sijui nilikosea wapi, lakini nilikosea."

Kisha meneja akanitaja mimi, niliyeokoa jahazi. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikasimama, nikayapokea! Nilipokaa, Method aliniegemea akaninong'oneza, "Hongera, dada." Alimaanisha kabisa.

Hakufukuzwa. Aliacha mwenyewe, alisema hajiamini tena. Nikapewa kiti chake. Binti yangu akawa ananiuliza mbona baba wa ubatizo haji siku hizi, namwambia ana kazi. Kazi gani, na kazi yenyewe nimeikalia mimi?

Nilistahimili mpaka nikashindwa. Nikavuka kwenda Sengerema alikohamia na mkewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba akichanganya pumba za kuku.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

Kitu cha kwanza, mtoto! Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kadi, utepe, uongo. Aliendelea kuchanganya pumba mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo namba yangu ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, kaka."

Akakaa juu ya gunia. "Jirani aliniletea kirauta chake juzi, kile kisanduku cha intaneti ya nyumbani, nikitazame. Nimemwambia mimi mambo hayo siyajui. Nimeogopa kirauta, dada! Mimi!"

Nikaanza kulia, nikataka kupiga magoti. Akanikataza kwa mkono.

"Usinililie hapa. Mimi niliomba radhi mbele za watu. Wewe umekuja kuniambia mbele ya kuku."

Hakunikaribisha ndani. Alifanya vizuri.

Niliporudi nikamwambia meneja ukweli. Mnajua alinijibu nini? "Yamepita hayo. Wateja wameshasahau. Ukilifufua sasa unaitia ofisi aibu." Akaniambia nifikirie cheo changu. Nikamwambia aibu ya ofisi ameibeba mtu anayelisha kuku Sengerema, na mimi nakwenda kumtua.

Jumatatu ikafika. Wawakilishi wote wapo, yule dada wa maabara Sengerema naye yupo. Nikasimama bila kuitwa.

"Dada, kaa chini," meneja akasema.

"Sikai!"

Nikasema yote. Nikashika kadi mbili mbovu za stoo mkononi, nikawaonyesha nilivyozipishanisha. Nikasema mstari wa Method ulikuwa sahihi tangu mwanzo, na makofi yale mliyonipigia yalikuwa ya wizi. Meneja aliniambia nikae mara nyingine, na nyingine. Sikukaa mpaka nilipomaliza. Yule dada wa Sengerema alinitazama kwa hasira, na ana haki, kisha akasema, "Huyo kaka nitampitia leo leo nimwambie tumesikia."

Kazi yangu pale ofisini ikaishia hapo. Siku hizi nafunga mitandao ya maduka pale Mkuyuni, na mbao za kaunta nazitoboa mwenyewe kupitisha nyaya. Wapo wanaoniambia ningenyamaza ningekuwa mkuu wa kitengo. Nyamazeni ninyi! Na wapo wanaosema ndiyo maana wanawake tusiguse seva. Hao nawajibu hivi: kuzipishanisha kadi kunamtokea yeyote aliyefungua seva kwa haraka. Uongo ndio niliosema kwa kuwaogopa ninyi, na leo siwaogopi.

Method hajanisamehe. Simu yangu hapokei. Ila nimesikia kirauta cha jirani amekitengeneza, na wa mtaa wa pili naye amempelekea cha kwake. Mwezi uliopita yule dada wa maabara aliniletea trei ya mayai ya kuku wa Method. "Ya mtoto," alisema. Nikamwuliza kama Method amenitumia salamu na mimi. Akasema hapana. Nimeyapika, mtoto amekula, mimi sikugusa.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu aliyewahi kusimama akaomba radhi kwa kosa unalolijua ni lako, usimfuate uani kwake ukamlilie. Rudi pale pale aliposimama, mbele ya wale wale. Watakwambia yamepita, na watakwambia kaa chini. Usikae!