Siku Kimbunga Alipochomolewa Waya

Watu walimtazama yule binti wakasema ana damu ya mbio. Kusema kweli, alichorithi kwa mama yake ni pua, tena pua yenyewe ilikuwa pana kiasi cha kumpa tabu akivaa helmeti. Hayo ya damu yaliletwa na waandishi wa habari za michezo, watu ambao wakikosa cha kuandika hukimbilia ukoo.

Mama mtu aliitwa Kimbunga. Enzi zake aliendesha magari ya mashindano kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha pasi kwenye umeme. Vikombe vya ushindi vilijaa sebuleni mpaka wageni wakawa wanashikilia chai mapajani kwa kukosa pa kuiweka. Sasa goti lilikuwa limemstaafisha, lakini mdomo haukupata taarifa. Kila binti aliposhindana, Kimbunga alisimama kwenye kibanda cha timu, hedifoni masikioni, maiki mdomoni, akimwelekeza kona baada ya kona.

"Breki za nini hapo? Unamwogopa nani? Kanyaga, mwanangu, kanyaga!"

Binti, mtoto msikivu, akakanyaga. Shindano la kwanza akaingia kwenye ukuta wa matairi. Shindano la pili akaingia kwenye ukuta uleule, mahali palepale, utadhani walikuwa na miadi.

Pale gereji kila mtu alijua tatizo. Gari la Kimbunga la zamani lilikuwa zito, limeng'ang'ania lami kama kupe. Hili la binti lilikuwa jepesi kama sufuria tupu. Ukiingia konani bila breki, linakuaga. Kila mtu alijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia Kimbunga. Hata bosi wa timu, bwana anayefukuza watu kazi huku anatafuna, mbele ya Kimbunga alisimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa. Ukali wake akaupeleka kwa mtoto.

"Mama yako namheshimu sana," alimwambia binti asubuhi ya shindano la tatu. "Lakini nimechoka kuokota gari langu kwa ndoo. Leo ukiligonga, nampa dereva mwingine. Basi."

Binti akaenda moja kwa moja kwa fundi mkuu. Fundi huyo alikuwa mjomba wake, mdogo wake Kimbunga, mwanaume aliyemwogopa dada yake kuliko alivyoogopa umeme.

"Mjomba, nisaidie. Mzime."

"Nimzime nani?"

"Mama. Kwenye redio."

Spana ikamponyoka mjomba. "Mpwa wangu, mimi bado nataka kuishi."

"Chomoa waya wake tu. Yeye aongee mpaka achoke, mimi nisikie sauti yako peke yako. Wewe si huna maneno?"

"Na akinishika?"

"Sema nilikulazimisha."

"Ataniuliza nililazimishwaje na mtoto niliyembeba mgongoni!" Mjomba akajikuna kichwa, akautazama ukuta wa matairi kule mbali, akamtazama mpwa wake. "Haya. Nenda kaendeshe. Ila ujue umeniweka pabaya."

Kabla ya kuanza, Kimbunga aliinama dirishani akaibusu helmeti ya mwanawe. "Niko nawe kila kona, sawa?"

"Sawa, Mama," akajibu binti, kwa sauti ya mtu aliyeficha sukari mfukoni.

Bendera ikashuka, magari yakatoka kwa vishindo. Ndani ya helmeti, kimya. Hakuna wa kumwita mwoga, hakuna wa kumuuliza kama amelala. Binti akasikia injini yake vizuri kwa mara ya kwanza, akasikia matairi yakilalamika, na mara ile kona ikaja, na ukuta wake umekaa palepale unamsubiri.

"Unamwogopa nani?" ikasema sauti ya mama yake.

Akadhani waya umechomekwa tena. Kisha akagundua kwamba sauti ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Ukuta, Mama," akajijibu. "Naogopa ukuta." Akashika breki.

Gari likageuka kwa adabu kama mtoto aliyeitwa na wageni. Ukuta ukapita pembeni ukabaki nyuma. Binti akacheka peke yake, kwa sauti, na raundi iliyofuata akafanya vilevile, na iliyofuata tena. Alimaliza wa nne. Bosi akalizunguka gari akilipapasa huku na huku kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akakosa hata mkwaruzo. "Jumatatu njoo mazoezini," akasema, akaendelea kutafuna.

Ndipo Kimbunga akaja, sauti imekauka. "Ulikuwa unanisikia?"

Mjomba akainamia tairi akaanza kulisoma.

"Kila neno, Mama."

"Mwongo mkubwa! Taa ya redio haikuwaka tangu mwanzo. Na huyu mjomba wako kaukalia waya kama kuku anayeatamia. Mnaniona mjinga?"



"Sasa kama ulijua," binti akauliza polepole, "mbona hukuuchomeka?"

"Nilitaka. Nilishamsukuma huyu, nimeshaushika. Nikakuona unaingia ile kona, nikafumba macho kama kawaida yangu. Nilipoyafumbua, ulikuwa umeshatoka upande wa pili." Kimbunga akashusha pumzi. "Nikamwambia arudi akae."

"Mama, kumbe huwa unafumba macho?"

"Sasa niyatoe nione nini? Wewe ni mwanangu."

"Lakini dada," mjomba akachomekea kwa woga, "mbona uliendelea kupiga kelele mpaka mwisho?"

"Ningefanya nini na mdomo, niufunge kamba?" Akavua hedifoni shingoni akambwagia mdogo wake. "Chukua. Kuanzia leo mimi nakaa jukwaani na watazamaji. Kule nitatukana kila mtu na gari halitagonga popote."

Binti akajilaza chali pale pale kwenye sakafu yenye grisi, mikono ameitupa huku na huku, mabega yameshuka. Kimbunga akasimama juu yake akimwangalia, kisha akakunja goti bovu kwa taabu, akakaa chini kando yake.

"Ila gia ya tatu ulichelewa," akasema.

"Nilichelewa, Mama," binti akakubali, akafumba macho.