Nyumba ya wageni Kashebere ambako hakuna aliyeulizwa anatokea wapi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sitatia chumvi. Sijui hata kama huu ni uzi au nalia tu.

Miaka ile ya vita kulikuwa na vipindi bunduki zinatulia kidogo na wageni wanakuja kutembea msituni. Nilikuwa nasomea utalii. Nikaenda Kashebere, Walikale, upande wa Goma, kupima utamaduni wa kazi kwenye nyumba ndogo ya wageni. Yaani watu wanaishije kazini, nani anaamua, kanuni gani wanashika bila kuandikiwa.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo. Bahati, mzaliwa wa hapo hapo, aliongoza wageni. Jikoni alikuwepo Mama Nyota, wa familia ya wafugaji wa Masisi. Mnaotoka kwetu mnajua, miaka ile makabila yao yalikuwa yanapigana, na hao watatu kula meza moja halikuwa jambo dogo.

Nikamuuliza Mama Kavira amewezaje. Akacheka.

"Kaka, hapa hatuulizake muntu anatokea wapi. Mugeni akiingia, tunamupa chai. Njo ile tu."

Bahati akadakia: "Hata mie habakuniuliza!"

Jamani, nilipapenda. Nikasema hii biashara haifi.

Jioni moja wakaingia wanaume wenye bunduki. Wakapewa chai kama wageni wengine. Wewe ungefanyaje? Wakalala, asubuhi wakaondoka.

Mchana wakaja wengine, maadui wa wale. Wakamshika Bahati: nani walilala hapa, wanatokea wapi?

"Hatukubauliza, Papa."

Ulikuwa ukweli mtupu. Wakaona anawadharau, wakaondoka naye. Mimi nimesimama pale na kalamu yangu.

Hajarudi mpaka leo. Mama Nyota alikimbilia kwa ndugu zake, nyumba ikafungwa.

Juzi juzi nikasikia Mama Kavira anapangisha vyumba Goma. Nikaenda, nikapiga hodi. Mlango ukafunguka kidogo tu, hakunitambua.

"Unatokea wapi?"

Nikajibu, "Kashebere, Mama."

Akachungulia barabarani nyuma yangu.

"Uko peke yako?"

Funzo? Nilichojifunza ni kwamba kanuni ile ilikuwa nzuri na haikumwokoa mtu. Inaniuma sana.

Wenye nyumba za wageni sehemu za vita, semeni hapa chini: mtu akibisha hodi, ninyi mnamuuliza nini? Mimi sijui tena.