Samaki wa Mti Mwenye Risasi Mkiani

Watu wa Korogwe wanaoniona leo, na nyumba yangu ya bati na duka langu, hudhani mke wangu nilimpata kwa duka. Wapi! Nilikuwa sina hata kibanda. Nilimpata kwa kipande cha mlingoti wa mkonge na risasi kidogo niliyoishindilia mkiani, tena kwa akili yangu mwenyewe, maana shule niliiacha kabla haijanizoea.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nimetoka kwetu Kwedizinga, Handeni, kuja kukata mkonge karibu na Hale. Mto Pangani ulipita chini ya mashamba, na mvuvi hodari kuliko wote pale alikuwa na binti. Nikamtuma mjomba wangu awe mshenga. Mzee akamjibu: "Yule anayeshinda akichonga vijiti? Mwambie binti yangu hali kuni."

Vijiti vyenyewe vilikuwa samaki. Nilimwona Mzungu mmoja wa shambani akirusha samaki wa mti, akimvuta juu ya maji kwa kumshtuashtua, mpaka kambare akaibuka akammeza na ndoana zake. Nikasema, hilo hata mimi naliweza. Wangu nikamchonga kwa mlingoti wa mkonge, ule unaochipua katikati ya majani, kwa kuwa ni laini kwa kisu na unaelea. Lakini ulikuwa mwepesi mno. Nikimrusha, upepo unanirudishia miguuni. Majini analala ubavu kama mlevi.

Alihitaji uzito, ila wapi? Stesheni ya Korogwe nikaokota vile vidonge vya madini ya risasi vinavyofungia milango ya mabehewa, wakishavikata huvitupa relini. Nta ya nyuki sisi watu wa Handeni tumezaliwa nayo. Nikabandika risasi kwa nta tumboni mwa samaki, nikamtia kwenye beseni. Hakuna kitu. Nikaisogeza kichwani, akainama kama anayetafuta senti iliyodondoka. Nikaisogeza mkiani, loo! Mkia ukazama, kichwa kikasimama, kikaangalia watu. Nikatoboa palepale, nikaishindilia ndani, kisha nikamfunga ndoana na mshipi.

Habari zikamfikia mzee. Jumapili asubuhi akanifuata mtoni na nusu ya kambi ya wakata mkonge nyuma yake.

"Haya, mbwanga," akaniita kwa Kizigua kama anayeita kijana wa kuchunga mbuzi. "Ukimtoa kambare kwa hicho kijiti, mjomba wako aje, nitamsikiliza. Ukishindwa, nisikuone tena uani kwangu."

Nikarusha. Samaki wangu akaenda mbali, akacheza vizuri. Nikarusha tena na tena. Kisha akaanza kushuka, akazama kabisa.

"Amekwenda kuposa kwa mamba!" mtu akapiga kelele, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nikamvuta, nikamminya. Maji yakatoka. Ule mti ulikuwa unakunywa! Kwenye beseni hakukaa muda wa kutosha kunionyesha tabia hiyo. Pembeni akina mama walikuwa wanachoma muhogo. Nikasema, "Mzee, naomba muda wa muhogo kuiva."

"Muhogo ukiiva tunakula," akasema, "na wewe unakwenda zako."

Nikamkausha samaki motoni, nikachokonoa nusu ya risasi kwa ncha ya kisu, nikayeyusha nta kwenye kigae, nikampaka mwili mzima hadi akang'aa. Binti alikuwa amekuja na ndoo na alikuwa hachoti maji. Mzee alikuwa anamenya muhogo wake niliporusha. Nikavuta kidogo, nikaacha. Nikavuta. Maji yakapasuka pwaa! Kambare wa urefu wa mkono wangu, na mkono wangu si mfupi.

Mzee akaweka muhogo chini. Hata hakumtazama yule kambare. Akamchomoa yule samaki wa mti, akampima kiganjani, akamtikisa sikioni.

"Umemtia nini humu?"

"Hilo, mzee, nitamwambia baba mkwe."

Kambi nzima ikalipuka. Binti akajifunika uso kwa kanga.

Mjomba alipokwenda safari hii alikaribishwa kiti, na mahari ikapungua bila yeye kuomba. Harusi tuliyodhani ingengoja mavuno, mzee akaiwahisha mwenyewe. Siku ilipofika, pilau bado iko jikoni, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku.

"Haya, mwanangu," akanong'ona. "Sasa sema."